Homa Isiyokwisha: Je, Umeyachemsha Maziwa?

Msomaji, ikiwa wewe ni mkazi wa Malindi, Kilifi au Mtwapa, ukipatwa na homa jambo la kwanza unalofikiria ni malaria. Si ajabu, kwani malaria imeua wengi katika pwani hii na ingali inaua. Lakini si kila homa huletwa na mbu. Utafiti uliochapishwa mwaka wa 2008 ulionyesha kwamba watoto waliolazwa kwa malaria katika hospitali ya Kilifi walipungua kutoka yapata 18 kwa kila watoto 1,000 wa eneo hilo mwaka wa 2003, hadi kati ya 3 na 4 mwaka wa 2007. Malaria haijaondoka, lakini mgonjwa anayemeza dawa zake mara ya pili na ya tatu bila nafuu anafaa kuulizwa maswali mengine. Mojawapo ni hili: umekunywa maziwa ya namna gani?

Kuna ugonjwa uitwao bruselosisi, ambao wengi wetu huuita brusela tu. Ni ugonjwa wa ng'ombe, mbuzi, kondoo na ngamia, na kutoka kwao humfikia binadamu. Mwaka wa 2015 wataalamu nchini Kenya waliorodhesha maradhi ya wanyama yanayoambukiza watu na yanayostahili kushughulikiwa kwanza. Brusela ilikuwa miongoni mwa matano ya mwanzo, pamoja na kimeta, malale, kichaa cha mbwa na homa ya Bonde la Ufa.

Viini vyake viligunduliwa mwaka wa 1887 na David Bruce, daktari wa jeshi la Uingereza katika kisiwa cha Malta, ambako wanajeshi walikuwa wakiugua homa isiyoeleweka. Ilipita miaka 18 kabla ya daktari wa huko, Themistocles Zammit, kuonyesha mwaka wa 1905 kwamba homa hiyo ilitoka kwa mbuzi. Mbuzi wenyewe walionekana wazima kabisa! Wanajeshi walipokatazwa maziwa hayo, homa ilipungua upesi.

Hapa kwetu, Kilifi ilikuwa mojawapo ya wilaya tatu, pamoja na Kiambu na Samburu, ambamo damu ya ng'ombe ilipimwa mapema katika miaka ya 1990. Matokeo yaliyotolewa mwaka wa 1997 yalionyesha kuwa maambukizi hutofautiana kati ya boma na boma na kati ya eneo na eneo. Kwa hiyo huwezi kujua kwa kutazama. Maziwa yanayoletwa mjini kwa mitungi ya plastiki huwa yamechanganywa kutoka kwa mifugo ya watu wengi, na ng'ombe mmoja mgonjwa anatosha kuharibu mtungi mzima.

Sisemi maziwa ni mabaya. Chai iliyotokota na maziwa ndani yake haina tatizo, wala samli iliyoyeyushwa vizuri jikoni. Hatari imo katika maziwa mabichi, na katika maziwa lala yaliyogandishwa bila kuchemshwa. Watu wengi huamini kwamba ule ukali wa maziwa lala huua viini. Hauviui kwa hakika. Yachemshe kwanza, yaache yapoe, ndipo uyagandishe. Na maziwa ya ngamia, ambayo mashabiki wake husema moto huyaharibia ladha, nayo yachemshwe. Ladha si hoja mbele ya homa ya miezi miwili.

Dalili huanza kwa kawaida wiki 2 hadi 4 baada ya kuambukizwa, na pengine miezi kadhaa. Homa hupanda na kushuka. Usiku mgonjwa hutokwa na jasho hadi shuka hulowa. Viungo na mgongo humuuma, huchoka bila kufanya kazi, hukosa hamu ya chakula na hukonda. Baadhi ya wanaume huvimba korodani, na mama mjamzito huweza kuharibikiwa na mimba.

Dalili hizi hufanana na za maradhi mengine mengi, na hapa ndipo matatizo yanapoanza. Katika zahanati nyingi hutumika kipimo cha haraka: maji ya damu huchanganywa na tone la dawa juu ya kioo na mpimaji hutazama kama yatagandana. Watafiti walichunguza kipimo cha aina hiyo huko magharibi mwa Kenya na kuchapisha matokeo mwaka wa 2017. Karibu wote walioambiwa wana brusela hawakuwa nayo vipimo bora vilipotumika. Fikiria mtu anayemeza dawa kali kwa wiki 6 kwa ugonjwa asio nao, huku ule halisi ukiendelea kumla! Ukiambiwa una brusela, uliza kama kuna kipimo cha pili cha kuthibitisha, na umweleze daktari habari za maziwa na mifugo.

Ikithibitishwa, ugonjwa hutibika. Mtu mzima hupewa doksisiklini kwa wiki 6 pamoja na rifampisini kwa muda uo huo, au pamoja na sindano za streptomisini kwa wiki 2 hadi 3. Dawa moja peke yake haitoshi. Wengi hupata nafuu mapema na kuziacha, kisha homa hurudi. Watoto wadogo na wajawazito hawapewi doksisiklini, bali daktari huwachagulia nyingine.

Kama una mifugo shambani, huko Ganze au Magarini, waambie wanaoitunza kwamba ng'ombe au mbuzi anayetupa mimba ikiwa imekua ni wa kushukiwa. Kondo, maji ya uzazi na ndama aliyekufa hujaa viini, navyo hupenya hata kwenye mchubuko mdogo wa mkono. Visiguswe bila glavu, wala mbwa wasiachiwe. Vifukiwe kwenye shimo refu, na mnyama atengwe. Kisha aitwe ofisa wa mifugo achukue damu ya kundi zima ikapimwe.