Sayansi za Jamii katika Chuo Kidogo: Eduardo Mondlane na Mhakiki wa Kiswahili

Dai kwamba fasihi ni kioo cha jamii hupatikana katika takriban kila tasnifu ya Kiswahili inayoegemea nadharia ya kisosholojia. Kinachokosekana mara nyingi ni jamii yenyewe. Mtahiniwa hutaja ukoloni na utabaka, kisha hurejea haraka kwa wahusika wake bila kueleza kodi ilitozwa vipi, wala ni nani aliyelazimishwa kufanya kazi. Upungufu huu unatokana kwa kiasi fulani na jinsi taaluma zilivyotengwa. Katika vyuo vingi vya umma nchini Kenya, mwanafunzi hujiunga akiwa amekwisha kupangiwa kozi. Wa Kiswahili na wa sosholojia wanaweza kulala bweni moja kwa miaka minne wasiwahi kujadili kitabu kimoja. Makala haya yanaangalia mkondo tofauti, ule wa chuo kidogo cha sanaa huria cha Kimarekani, kupitia kwa mtu aliyesomea humo na ambaye maisha yake yalikoma Dar es Salaam.

Istilahi kwanza. Sanaa huria, kwa asili ya Kilatini, ni elimu iliyomfaa mtu huru, asiye mtumwa. Katika Ulaya ya zama za kati ilikuwa na matawi saba: sarufi, mantiki, balagha, hesabu, jiometria, elimunyota na muziki. (Wanaisimu watafurahi kuona sarufi imetangulia.) Neno huria hapa lisichanganywe na lile la Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, linalohusu masomo ya masafa. Chuo cha sanaa huria hujishughulisha hasa na shahada ya kwanza, madarasa yake ni madogo, na profesa mwenyewe ndiye asomaye insha za wanafunzi. Mwanafunzi huchanganya masomo kwa takriban miaka miwili kabla ya kutangaza somo lake kuu. Hata akichagua uchumi au siasa, hatarajiwi kuziacha lugha na fasihi.

Oberlin, katika jimbo la Ohio, ni chuo cha aina hiyo. Kilianzishwa mwaka wa 1833, na kufikia 1835 kilikuwa kimeamua kuwapokea wanafunzi Weusi, miongo mitatu kabla ya utumwa kukomeshwa Marekani. Mwaka wa 1858 wakazi wa mji huo, wakiwemo wanafunzi, walimwokoa John Price, mtoro wa utumwa aliyekuwa amekamatwa ili arejeshwe kwa bwana wake. Pale, basi, neno huru lilikuwa na uzito wa kisheria na wa kimwili.

Mondlane alifika Oberlin mwaka wa 1951, akiwa na umri wa miaka 31. Alikuwa amefukuzwa Afrika Kusini mwaka wa 1949 alipokuwa akisoma katika Chuo Kikuu cha Witwatersrand, kisha akapitia Lisbon. Alihitimu mwaka wa 1953 katika anthropolojia na sosholojia, akaendelea Northwestern, ambako mwaka wa 1960 alipata uzamifu kwa tasnifu iliyohusu mgongano wa dhima, makundi rejelezi na rangi. Itakuwa chumvi kudai kwamba miaka miwili ya Oberlin ndiyo iliyomfinyanga. Malezi ya Gaza na ubaguzi wa Johannesburg vilimfunza mengi kabla ya hapo. Hata hivyo, maandishi yake yanamwonyesha msomi asiyeona mpaka kati ya takwimu na wimbo.

Ushahidi ni kitabu chake, The Struggle for Mozambique, kilichochapishwa mwaka wa 1969, mwaka uo huo alipouawa Dar es Salaam, tarehe 3 Februari, kwa bomu lililofichwa katika kifurushi. Anachambua utawala wa Kireno, elimu yake, kazi ya shuruti na kilimo cha pamba cha lazima. Anapofikia upinzani, anageukia nyimbo za Wachope, mashairi ya waandishi wa mijini na vinyago vya Wamakonde (ambao Kenya iliwatambua rasmi kuwa kabila lake la 43 mwaka wa 2017). Katika baadhi ya vinyago vyenye maudhui ya Kikristo anaona shaka au ukaidi uliopenyezwa na mchongaji. Msomaji anaielewa dhihaka hiyo kwa sababu tayari ameonyeshwa nafasi ya misheni katika elimu ya kikoloni. Kinyago hakiakisi jamii kwa ujumla jumla. Kinajibu jambo mahususi.

Hapa ndipo mhakiki wa Kiswahili anapopungukiwa. Chukua mtafiti anayekusanya nyimbo za wafanyakazi wa mashamba ya mkonge ya Kilifi au Taita. Takriri, tashbihi na kejeli atazibainisha bila taabu. Lakini mstari unaomlalamikia nyapara hauwezi kufasiriwa kikamilifu bila kujua ujira ulihesabiwa kwa siku au kwa idadi ya matita, waimbaji walitoka wapi, na kama wake zao walikuwa nao kambini. Maswali hayo yanahitaji nyaraka za mashamba, mahojiano yaliyopangwa vizuri, na pengine msimamizi wa pili kutoka idara ya sosholojia. Ombi la msimamizi huyo huandikwa kwa barua ya ukurasa mmoja, ingawa baadhi ya wajumbe wa jopo wataendelea kuuliza iwapo tasnifu hiyo bado ni ya Kiswahili.