Viazi Mviringo vya Kuoka kwa Viungo

Viazi mviringo hufika Masasi na Newala kutoka mbali, hasa nyanda za juu kama Njombe na Mbeya. Vikikaa juani hugeuka kijani na kuongezeka sumu ya solanini, isiyoondolewa kwa kupikwa. Mnunuzi achague vilivyo vigumu, visivyo vya kijani wala kuchipua, na adai vipimwe kwa mizani.

Kwa kilo 1, menya, kata vipande vilingane, chemsha dakika 5, kisha chuja. Changanya na vijiko 3 vya mafuta, kitunguu saumu na chumvi kidogo. Funika sufuria, weka makaa machache chini, mengi juu ya mfuniko. Geuza mara moja. Baada ya dakika 30 hivi, vikiwa rangi ya dhahabu, epua na unyunyizie mrehani.