Lenzi au Kamera? Hesabu ya Mwanga kwa Mpiga Picha wa Msamvu

Msamvu ni mahali zinapokutana barabara zitokazo Dar es Salaam, Dodoma na Iringa, na ndipo kilipo kituo kikuu cha mabasi cha Morogoro. Penye wasafiri wengi hapakosi wapiga picha. Tuchukue mfano wa mmoja wao aliyeanza kazi kwa kamera ya dijitali ya daraja la chini, ya aina yenye kioo ndani: Canon EOS 1300D, iliyotolewa mwaka 2016, pamoja na lenzi yake ya milimita 18 hadi 55. Kwa picha za paspoti na za mchana, kamera hiyo yatosha kabisa. Shida huanza usiku ukumbini kwenye harusi, au siku mteja atakapo picha za ndege wa milima ya Uluguru. Picha hutoka na chenga, au nyuso huonekana zimetikisika. Hapo mwenye kamera huanza kuweka akiba ili anunue kamera kubwa zaidi. Akiba hiyo huenda ni ya mwaka mzima, na si vema itumike kabla ya kujua mwanga unapotelea wapi.

Chenga ni nini?

Ndani ya kamera, mahali palipokuwa pa filamu zamani, pana kihisi ambacho huhesabu chembe za mwanga ziitwazo fotoni. Fotoni huanguka kama matone ya mvua juu ya bati: vipande viwili vya bati vyenye eneo sawa havipati idadi sawa ya matone. Pikseli ipokeayo wastani wa fotoni 100 hupotoka kwa kiasi cha kipeuo cha pili cha idadi hiyo, yaani 10, ambayo ni asilimia 10. Ipokeayo fotoni 10,000 hupotoka kwa 100, yaani asilimia 1 tu. Upotofu huo ndio chenga, au walau sehemu yake kubwa. Kupandisha nambari ya ISO hakuongezi fotoni hata moja. Ni sawa na kuongeza sauti ya redio yenye mikwaruzo.

Basi swali la kwanza si kamera ipi ni bora, bali fotoni zaidi zitapatikana wapi.

Tundu la lenzi

Nambari f/5.6 iandikwayo kwenye lenzi maana yake ni kwamba umbali wa fokasi ukigawanywa kwa 5.6, hupatikana kipenyo cha tundu lipitishalo mwanga. Lenzi ya mpiga picha wetu, ikivutwa hadi milimita 50, ina tundu la milimita 8.9 hivi. Lenzi ya milimita 50 isiyovutika, yenye f/1.8, ina tundu la milimita 27.8. Kwa kuwa eneo la duara hufuata mraba wa kipenyo, lenzi hii ya pili hupitisha mwanga karibu mara 10 zaidi. Picha iliyohitaji sekunde 1/20, muda ambao bibi harusi hawezi kucheza bila kutikisika pichani, sasa yahitaji sekunde 1/200 hivi.

Linganisha na kubadili kamera. Kihisi cha 1300D ni milimita 22.3 kwa 14.9, yaani milimita za mraba 332. Kihisi chenye ukubwa wa filamu ya kale, milimita 36 kwa 24, kina 864. Lenzi zikiwa na nambari ileile ya f, na picha ikionyesha upana uleule wa ukumbi, faida ni mara 2.6 tu. Tena lenzi ya zamani, iliyoundwa kwa kihisi kidogo cha Canon, haiingii katika kamera za Canon za kihisi kikubwa zenye kioo, kwa hiyo fedha za lenzi nyingine zitahitajika siku ileile. Lenzi ya f/1.8 huwa na bei iliyo sehemu ndogo tu ya bei ya kamera hizo, na huingia katika zote mbili. Ila ina gharama yake: tundu likiwa pana, walio mstari wa mbele wataonekana wazi na walio nyuma watafifia. Kwa picha ya ukoo mzima afadhali flashi ielekezwe darini.

Wauzaji hupenda kutaja idadi ya pikseli. Kutoka milioni 18 hadi 24, urefu wa picha huongezeka kwa asilimia 15 tu. Picha ya ukutani ya sentimita 20 kwa 30, ikichapwa kwa nukta 12 kila milimita, huhitaji milioni 8.6.

Ndege wa Uluguru

Msituni hesabu hugeuka. Humo yumo Malaconotus alius, ndege aishiye juu katika miti mirefu, asiyejulikana kuwapo popote duniani ila Uluguru. Ndege wa sentimita 20 aliye umbali wa mita 20, kwa lenzi ya milimita 55, hutoa taswira ya milimita 0.55 kwenye kihisi. Kwa lenzi ya milimita 300, milimita 3. Katika 1300D, yenye pikseli 232 kwa kila milimita, milimita hizo 3 hupata pikseli 696. Katika Canon EOS 6D ya mwaka 2012, yenye kihisi kikubwa na bei kubwa zaidi, taswira ileile hupata 460 hivi! Mpenda ndege aliyenunua kihisi kikubwa kwa lenzi ileile amelipa ili ndege wake apungue.

Hata hivyo, ipo sababu ya haki ya kubadili kamera yenyewe. 1300D ina nukta 9 tu za kulenga, na hupiga picha 3 kwa sekunde. Kwa mpira katika Uwanja wa Jamhuri, hapana lenzi itakayoponya upungufu huo.

Jaribio la darasani

Funga madirisha, weka kamera juu ya meza ikielekea ukuta mweupe, na utumie saa yake ya kujipiga ili isiguswe. Acha tundu katika f/5.6. Piga picha ya kwanza kwa ISO 1600 na sekunde 1/40, kisha ya pili kwa ISO 100 na sekunde 0.4. Kuza sehemu ileile ya picha zote mbili. Mwanga umeongezeka mara 16. Je, chenga zimepungua mara ngapi, na kwa nini si mara 16?