Mdogo Wangu, Usiikimbie Kesi ya Mjane

Mdogo wangu wa Mwanza, barua yako nimeisoma mara tatu, ya mwisho usiku watoto wakiwa wamelala. Umeapishwa uwakili mwaka jana na mkononi una barua mbili za kazi. Moja ni ya benki: mshahara mnono na bima ya familia nzima. Nyingine ni ya ile ofisi ya msaada wa kisheria ulikojitolea, kesi za mirathi na ardhi, ndiko ulikokutana na mjane wa Magu aliyefukuzwa na mashemeji kwenye kiwanja alichojenga na marehemu mumewe. Moyo wako uko kwa mjane. Lakini tangu kidato cha pili unaota kuwa jaji, na mjomba wako amekwambia wazi kwamba ukianza kugombana na wakubwa ungali kijana, jina lako litachafuka, na siku majina yatakapopelekwa juu, la kwako litakatwa.

Mjomba anakupenda, na hofu yake haikutoka hewani. Ila kabla hujajibu barua hata moja, kaa hapa nikusimulie habari za Constance Baker Motley, mwanamke mweusi wa kwanza kuwa jaji wa mahakama za shirikisho za Marekani.

Alizaliwa mwaka 1921 New Haven, Connecticut, mtoto wa tisa kati ya kumi na wawili. Wazazi wake walikuwa wahamiaji kutoka kisiwa cha Nevis, na baba yake alikuwa mpishi wa vyama vya wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Yale. Yaani chuo kile kikubwa familia yake ilikifahamu kwa upande wa jikoni. Alipomaliza sekondari ada ya chuo haikuwepo, akapata kibarua cha kukarabati viti vikuukuu katika mpango wa serikali wa kuwasaidia vijana.

Jioni moja kukawa na mkutano kwenye ukumbi wa jamii wa mtaa wa Dixwell. Swali lilikuwa kwa nini watu weusi hawautumii ukumbi uliojengwa kwa ajili yao. Binti akasimama akalisema lililo kweli: wanaouendesha ni wazungu watupu, sisi hatuna kauli humo ndani, ndiyo maana hatuji. Aliyetoa fedha za kuujenga, mkandarasi mzungu aitwaye Clarence Blakeslee, alikuwa amekaa humo humo anasikiliza. Siku chache baadaye akamwita, akamuuliza kwa nini hayuko chuoni. Binti akajibu kwamba hana fedha, na kwamba anataka kusoma sheria. Yule mzee akalipa, kuanzia shahada ya kwanza hadi alipomaliza sheria Columbia mwaka 1946.

Tulia hapo kidogo. Maneno ambayo mjomba wako angemwambia ayameze ndiyo yaliyomlipia ada.

Mwaka 1945, akiwa bado mwanafunzi, alianza kazi chini ya Thurgood Marshall, kwenye mfuko wa sheria wa NAACP uliokuwa unapigana mahakamani na ubaguzi wa rangi. (Huyu Marshall ndiye aliyekwenda Lancaster House, London, mwaka 1960 kuwasaidia wajumbe wa Kenya kuandaa sura ya haki za binadamu ya katiba yao. Dunia si kubwa kiasi hicho.) Kesi ya Brown, ile iliyovunja utengano wa rangi shuleni mwaka 1954, hati yake ya madai ya mwanzo ilitoka kwenye kalamu ya Motley.

Mwaka 1949 yeye na mwenzake Robert Carter walikwenda Jackson, Mississippi, kuwatetea walimu weusi waliodai mshahara sawa na wa wazungu. Nakuomba ujione uko pale. Umesimama kuhoji shahidi, na ukutani nyuma ya kiti cha jaji kuna picha kubwa imechorwa, watu weusi wameinama wanavuna pamba. Unaitazama picha hiyo siku nzima huku unajenga hoja kwamba mwalimu ni mwalimu. Magazeti ya kule hata heshima ya kumwita Bibi yalimnyima.

Kesi iliyompa jina zaidi ni ya James Meredith, kijana mweusi aliyetaka kusoma Chuo Kikuu cha Mississippi. Motley alikwenda na kurudi jimbo lile mara nyingi kwa muda wa zaidi ya mwaka.  Kesi ikashindwa chini, ikashinda kwenye rufaa. Tarehe 1 Oktoba 1962 Meredith akaandikishwa, baada ya usiku wa fujo uliowaua watu wawili na kumlazimu Rais Kennedy kupeleka jeshi. Mbele ya Mahakama ya Juu ya Marekani Motley alisimama na kesi kumi, akashinda tisa.

Mwaka 1964 akachaguliwa seneta wa jimbo la New York, mwaka uliofuata akaongoza eneo lote la Manhattan. Januari 1966, Rais Lyndon Johnson akapeleka jina lake Seneti awe jaji.

Utaratibu wao nikueleze, maana najua utauliza. Rais huteua, Kamati ya Sheria ya Seneti huhoji, kisha Seneti nzima hupiga kura. Katiba yao haitaji sifa hata moja ya anayeteuliwa, wala umri, wala shahada. Akishapita ni jaji wa maisha. Hang'olewi ila kwa kushtakiwa na Baraza la Wawakilishi na kutiwa hatiani na Seneti, na mshahara wake hauruhusiwi kupunguzwa. Kiti cha Motley kilikuwa Mahakama ya Wilaya ya Kusini ya New York. Jina la wilaya lisikupoteze: si mahakama ya wilaya ya kwetu anakokaa hakimu. Ni mahali ambapo kesi nzito za shirikisho husikilizwa mara ya kwanza, mashahidi wakatoa ushahidi na jopo la wananchi likaamua. Kwetu ungeilinganisha na Mahakama Kuu.

Sasa, mwenyekiti wa ile kamati alikuwa nani? James Eastland, seneta wa Mississippi. Jimbo lile lile! Mwanamke aliyelifungua lango la chuo chao miaka minne iliyopita, leo jina lake liko mezani kwa seneta huyo. Eastland alilikalia faili kwa miezi saba. Akamzulia kwamba ni mkomunisti, tuhuma ambayo zama zile ilitosha kumzika mtu. Haikusimama. Tarehe 30 Agosti 1966 Seneti ikamthibitisha.

Kwa hiyo mjomba wako hakusema uongo. Kazi ile ilimtengenezea Motley adui, na adui akaja kukaa mlangoni. Sitakuficha hilo. Lakini jiulize: bila kazi ile, Rais angemteua kwa lipi? Faili aliloshikilia Eastland ndilo lililompeleka mezani kwa Johnson. Huwezi kuchomoa kurasa za vita ukabaki na mtu yule yule.

Na hata baada ya kuvaa joho, faili lilimfuata. Mwaka 1975 aliletewa kesi ya mwanasheria wa kike aliyeishitaki kampuni kubwa ya mawakili ya Wall Street kwa kuwabagua wanawake. Kampuni ikaomba ajitoe. Hoja yao: wewe ni mwanamke, ni mweusi, na umepigania haki hizi maisha yako yote, utatutendeaje haki? Motley akakataa kujitoa. Akasema kila jaji katika mahakama ile ana jinsia yake na rangi yake, na kama hiyo ndiyo sababu ya kumwondoa mtu, basi hakuna jaji hata mmoja pale anayeweza kuisikiliza kesi. Uamuzi ule wanasheria wa kwao wanautumia mpaka leo. Usome wote, mdogo wangu, si mrefu. Utaona mtu asiyeomba radhi kwa maisha aliyoishi.

Alikuwa jaji kiongozi wa mahakama ile kuanzia 1982 hadi 1986, na alibaki kwenye orodha ya majaji hadi alipofariki mwaka 2005, akiwa na miaka 84.

Turudi nyumbani. Katiba yetu inasema Rais anateua majaji wa Mahakama Kuu baada ya kushauriana na Tume ya Utumishi wa Mahakama, na inataka uwe umekaa na sifa za kisheria si chini ya miaka kumi. Wewe una mmoja. Miaka tisa ni mirefu mno kuiishi kwa kunyata. Tena kukaa kimya hakukuhakikishii kitu. Hata jina likishapita kwenye tume laweza kuachwa: Kenya, tume yao ilipendekeza majaji mwaka 2019. Rais Uhuru Kenyatta akaja kuwaapisha 34 mwaka 2021 na kuwaacha sita. Wanne kati ya hao sita walikuwa tayari majaji wakisubiri kupanda Mahakama ya Rufani. Waliendelea kuamka asubuhi na kusikiliza kesi za watu, hadi Rais William Ruto alipowaapisha Septemba 2022.

Kuna kuchafuka kwa kweli, na hapo ndipo nataka uwe mkali na nafsi yako. Wakili anachafuka kwa kula hela ya mteja, kwa kuidanganya mahakama, kwa kuacha tarehe ipite halafu anasingizia foleni. Anachafuka akimtukana wakili mwenzake kwenye korido, au akipeleka kesi mitandaoni ambako haina hakimu. Pigana kwa hati na ushahidi, halafu msalimie wakili wa mashemeji kwa heshima zote. Leo mnashindana, kesho anaweza kuulizwa wewe ni mtu wa namna gani.

Nami nina langu. Shangazi yangu alipofiwa, tulikuwa tunakaa naye kwenye benchi nje ya mahakama moja, nikiwa darasa la sita. Mara tatu karani alitoka akasema jalada halionekani, njooni mwezi ujao. Shangazi alikuwa amefunga nauli ya kurudia kwenye pindo la khanga, na kila tukiambiwa hivyo alilipapasa lile fundo kwanza kabla ya kunyanyuka. Mara ya nne kijana mmoja wakili, shati limefifia kolani, aliingia masjala mwenyewe na barua ya maombi, akakaa humo tangu saa tatu mpaka saa saba. Akatoka na jalada. Jina lake silijui, uso wake naukumbuka kama wa ndugu.

Kuhusu mama yako, ambaye naye uamuzi huu utamgusa, kaa naye na hesabu mkononi, siyo hotuba. Mwambie mshahara ni kiasi gani, utamtumia kiasi gani kila mwezi, na ada ya mdogo wenu wa mwisho itatoka wapi. Ofisi ile waombe mkataba wa maandishi na bima. Kujitolea ulishajitolea, sasa ni ajira. Hesabu ikikataa kabisa, nenda benki miaka miwili bila kujilaumu, ila omba kwa mwajiri ruhusa ya maandishi ya kushika kesi chache za bure, na ya kwanza iwe hii ya mjane.

Maana nimeona kwenye barua yako umeandika kurasa mbili juu ya ujaji, na mstari mmoja tu juu ya yule mjane. Niandikie tena. Niambie kiwanja kina hati au barua ya mauziano, mirathi imefunguliwa au bado, na kesi yake inatajwa tarehe ngapi.