HABARI ZA KUHESABU WATU KATIKA TANGANYIKA

Kuhesabu nyumba si sawa na kuhesabu watu, ingawa kwa miaka mingi katika nchi ya Tanganyika mambo hayo mawili yalifanywa kuwa moja. Wadachi walipoweka kodi ya nyumba mwaka 1898, rupia 3 kwa nyumba ya shamba, walichotazama ni mapaa, si vichwa. Idadi ya nyumba ilizidishwa kwa idadi ya watu waliodhaniwa kulala humo, na jumla yake ikaitwa watu wa nchi.

Lakini msomaji na afikiri: ikiwa kila nyumba yatozwa kodi, ni nani atakayefanya haraka kujenga ya pili? Vijana waliooa walibaki nyumbani kwa baba zao, na wengine waliposikia habari za akida waliingia porini. Tena wazee wengi walichukia watoto wao wahesabiwe, wakisema kuwa ni kuwatakia shari. Hivyo daftari ilionyesha walipaji. Wanawake na watoto walikisiwa tu.

Waingereza nao hawakuiacha njia hiyo upesi. Mwaka 1921 Waafrika wa Tanganyika walitajwa kuwa yapata milioni 4 na laki 1. Mwaka 1931, milioni 5 na kidogo. Ndipo Agosti 1948 makarani walipotumwa kuhesabu watu wenyewe, Tanganyika, Kenya na Uganda, na Tanganyika ikaonekana ina watu zaidi ya milioni 7 na laki 4. Je, yawezekana watu zaidi ya milioni 2 waliongezeka katika miaka 17? Wengi walizaliwa, ni kweli. Bali wengine walikuwapo siku zote, hawakuandikwa tu. Na hasara ilikuwa yao, maana kijiji chenye watoto 200 kikiandikwa 90, skuli hujengwa ya watoto 90.

Baada ya Uhuru na Muungano, hesabu ya kwanza ya Tanzania ilifanywa Agosti 1967, ikapata watu 12,313,469. Kila mtu aliandikwa mahali alipolala usiku uliowekwa, hata akiwa mgeni, ili asiandikwe mara mbili wala asisahauliwe. Zikafuata za 1978, 1988, 2002 na 2012. Ile ya Agosti 2022, ambayo makarani walichukua vishikwambi badala ya karatasi, ilipata watu 61,741,120. Majengo nayo yalihesabiwa, lakini peke yake, baada ya watu.