Kuhifadhi Joto Katika Nyumba ya Zamani

Miezi ya Juni na Julai, baridi huwa kali mkoani Njombe. Katika nyumba ya zamani ya mabati isiyo na dari, hewa yenye joto hupanda juu, na bati hulipitisha joto hilo nje upesi. Dari ya mbao hulizuia, kwa sababu mbao hupitisha joto polepole.

Jaribio: Mimina maji ya moto katika vikombe viwili vilivyo sawa. Funika kimoja kwa kibao. Baada ya dakika 10, pima joto la kila kikombe. Kipi kimepoa zaidi? Kwa nini?

Kumbuka: Usilale kamwe na jiko la mkaa linalowaka chumbani. Mkaa hutoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, nayo huua.