Ukuta Unaopumua: Tuliyojifunza Mji Mkongwe



Baada ya kumshukuru Mwenyezi Mungu (S.W.) na kumsalia Mtume wetu (S.A.W.), tunawaomba wanafunzi wenzetu na wazee wetu wayasome makala haya kama somo la kazi, kwani ndani yake mna kosa tulilolifanya sisi wenyewe.

Nyumba nyingi za Mji Mkongwe wa Zanzibar zilijengwa katika karne ya 19 kwa mawe ya matumbawe, chokaa, udongo na boriti za mikoko. Boriti hazina urefu mkubwa, ndiyo maana vyumba vya nyumba za zamani ni vyembamba na virefu. Anayebisha akapime kwa bibi yake! Baada ya Mapinduzi ya 1964 nyumba nyingi zilichukuliwa na serikali, zikagawiwa familia kadhaa katika nyumba moja, na paa likawa la wote, yaani si la mtu. Ilipofika miaka ya 1980 nyumba zilikuwa zinaanguka. Mwaka 1985 ikaundwa mamlaka ya kuuhifadhi mji, na mwaka 2000 UNESCO ikautia katika orodha ya urithi wa dunia.

Nyumba nyingine ni za wakfu. Mwenye mali aliiweka nyumba kwa ajili ya Mwenyezi Mungu ili kodi yake itengeneze msikiti au iwasaidie wahitaji. Kodi ikiwa ndogo kuliko gharama ya kuziba paa, nyumba huoza taratibu, na ikianguka manufaa ya sadaka ile hukatika. Kwa hiyo tulipoanza kujitolea, tulichagua ukuta wa nyumba ya wakfu iliyo jirani na madrasa yetu.

Tulichanga fedha, tukanunua saruji, tukapiga lipu siku mbili. Ukuta ulipendeza, na tulisifiwa sana. Masika ya kwanza yalipopita, lipu ilifura kama chapati, ikabambuka vipande vipande. Nyuma yake chokaa ya zamani ilikuwa unga mtupu, na mawe yanatoa maji.

Fundi mmoja mzee aliyekuwa akipita alisimama akagusa ukuta. "Wanangu," akasema, "mmemvisha mtu koti la mpira wakati wa joto."

Alitufahamisha hivi. Jiwe la matumbawe lina vitundu vingi, hunyonya maji kutoka ardhini na kutoka kwenye mvua. Chokaa nayo ina vitundu, hivyo maji hupita yakatoka nje, jua likayakausha. Saruji huyafungia ndani. Maji yakikosa njia hupanda juu zaidi, yakafika kwenye ncha za boriti na kuziozesha. Chumvi nayo hujikusanya nyuma ya lipu na kuisukuma. Tena saruji ni ngumu kuliko jiwe lenyewe, kwa hiyo inapobambuka huondoka na nyama ya ukuta.

Basi tukaanza upya, na mara hii tulitanguliza kibali cha mamlaka. Tuliitoa saruji kwa nyundo na patasi, polepole, kazi iliyotuchosha kuliko ile ya kuipaka. Ukuta tukauacha ukauke. Chokaa, ambayo ni matumbawe yaliyochomwa katika tanuu, tuliizima kwa maji na kuiacha shimoni ilainike. (Ikizimwa huchemka na kuunguza macho, kwa hiyo wadogo walikaa mbali.) Kisha ikachanganywa na mchanga uliochekechwa, usiochotwa ufukweni kwa sababu ya chumvi, ikapakwa tabaka nyembamba na kunyunyiziwa maji ili isikauke kwa haraka.

Wapo waliouliza kwa nini hatukupanda juu tukabadilisha boriti pia. Hiyo ni kazi ya mafundi. Tarehe 25 Disemba 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba lililojengwa mwaka 1883, ilianguka likiwa katika matengenezo, na watu wawili wakafariki. Mwanafunzi haingii katika nyumba yenye ufa mkubwa, hata kama paka wake yumo ndani.

Zipo kazi ambazo hazihitaji fundi. Kila kabla ya masika na vuli tunazibua mifereji ya maji ya mvua, kwani paa linalovuja huua nyumba kuliko uzee. Tunang'oa miche inayoota katika kuta ikiwa bado midogo. Ndege hudondosha mbegu za mtini juu ya ukuta, na mizizi yake ikishanenepa hupasua mawe. Ukiukata mti mkubwa bila kuitoa mizizi huchipua tena, tena kwa hasira.

Ukuta wa mbele umepita masika moja bila kufura. Wa nyuma bado umevaa saruji yetu. Chokaa yake imo shimoni imefunikwa, na patasi tulizonazo ni nne tu, kwa hiyo mzazi mwenye patasi asiyoitumia aikabidhi kwa ustadhi baada ya sala ya Alasiri.

Wabillahi tawfiq.